Hakuna Kopo Linalozuia Mzio

Nyumba ambayo mama ana pumu, au baba amekua akijikuna pumu ya ngozi, hofu huingia hata kabla mtoto hajazaliwa: na huyu naye atarithi? Swali lina msingi. Mtoto ambaye mzazi wake au ndugu yake wa tumbo moja ana pumu, pumu ya ngozi au mzio wa chakula, uwezekano wake wa kupata mojawapo ni mkubwa kuliko wa mtoto wa jirani. Ila mzazi mwenye hofu ni rahisi kuuziwa. Akifika famasi anaonyeshwa kopo lenye herufi mbili, HA, bei yake imelipita mbali lile la kawaida lililo pembeni, na anaambiwa haya ndiyo maziwa ya watoto wa ukoo wenye mzio.

Wazazi wenzangu, nalisema mapema: hakuna maziwa ya kopo, ya bei yoyote, yaliyothibitika kumkinga mtoto na mzio. Anayenyonyesha aendelee kunyonyesha. Anayelazimika kutumia maziwa ya kopo, kopo la kawaida la watoto wachanga linamtosha mwanawe, hata kama pumu iko kwenye ukoo pande zote mbili.

Na ndani ya kopo la HA kuna nini? Kitu ambacho mwili wa mtoto mwenye mzio wa maziwa hukipiga vita ni protini ya maziwa ya ng'ombe. Kiwandani protini hiyo inaweza kukatwakatwa. Kwenye maziwa ya HA imekatwa kwa kiasi tu, na vipande vingi hubaki vikubwa. Waliobuni walifikiri kwamba mtoto akizoeshwa vipande badala ya protini nzima, mwili wake utajifunza kuipokea bila kushtuka. Ni wazo la kuvutia, na lilifanyiwa kazi kwa dhati. Mwaka 1995 Ujerumani ilianza utafiti uitwao GINI, wenye watoto zaidi ya 2,200 wa familia zenye mzio, na baadhi ya maziwa yaliyokatwa protini yalionekana kupunguza pumu ya ngozi. Watengenezaji wakashika hapo. Lakini watafiti wa Melbourne, Australia, walipowapa watoto wa aina hiyo hiyo maziwa ya protini iliyokatwa kwa kiasi, hawakuona faida yoyote. Matokeo yao yalitoka mwaka 2011. Kisha mwaka 2016 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza likachapisha uchambuzi uliokusanya tafiti zote zilizopatikana. Hukumu yake ilikuwa wazi: hakuna ushahidi thabiti kwamba maziwa haya yanazuia mzio. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, AAP, kilifika hapo hapo mwaka 2019.

Kuna kisa kimoja ambacho kila mzazi anapaswa kukijua kabla hajaamini maneno ya kwenye kopo. Miongoni mwa majina makubwa yaliyobeba wazo hili alikuwa Ranjit Chandra, profesa wa Chuo Kikuu cha Memorial, Newfoundland, Kanada. Muuguzi Marilyn Harvey aliajiriwa kumtafutia watoto wachanga wa utafiti. Siku moja akakuta matokeo yamekwisha kuchapishwa, ilhali yeye aliyepewa kazi ya kuwatafuta watoto hao bado hajawapata wa kutosha. Alitoa taarifa, chuo kikachunguza, na jambo likakaa miaka mingi bila umma kuambiwa. BMJ iliifuta makala ya Chandra ya mwaka 1989 kuhusu maziwa na pumu ya ngozi ilipofika mwaka 2015. Watoto waliozaliwa makala ilipotoka walikuwa tayari watu wazima. Huko Marekani, mwaka 2014, tume ya biashara ya serikali iliishtaki kampuni ya Gerber kwa kutangaza kwamba maziwa yake ya aina hii yanapunguza hatari ya mzio. Siyasemi haya ili mzione tafiti zote kuwa uongo; ni tafiti nyingine, zilizofanywa kwa uaminifu, ndizo zilizotuonyesha ukweli.

Sasa kwa mzazi anayelazimika kununua. Sababu za haki zipo: mama amefariki, amelazwa mahututi, anatumia dawa za saratani, au bibi ameachiwa mjukuu wa wiki tatu. Mama anayeishi na VVU mara nyingi hayumo kwenye orodha hii. Akimeza dawa zake kila siku bila kukosa, miongozo ya Shirika la Afya Duniani, ambayo Tanzania na Kenya zinaifuata, inamwelekeza anyonyeshe. Asiache kabla ya kuzungumza na mhudumu wake. Na mama anayerudi kazini ajue kwamba maziwa yake yanaweza kukamuliwa, yakahifadhiwa kwenye friji na mtoto akanyweshwa kwa kikombe.

Dukani, tafuta namba 1, yaani ya kuanzia kuzaliwa. Tazama tarehe ya mwisho ya matumizi, nembo ya TBS au KEBS, na kama kopo limebonyea au limefunguliwa, liache. Zaidi ya hapo usihangaike. Maziwa ya namba 1 yanayofuata viwango vya kimataifa vya Codex yanafanana kwa lishe ya msingi, na bei kubwa mara nyingi inalipia jina na vikorombwezo. Yale ya namba 3, ya watoto waliovuka mwaka mmoja, sioni haja nayo hata kidogo: mtoto wa umri huo asiye na mzio anatosheka na maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa pamoja na chakula cha familia.

Kuna makopo matatu mengine ambayo hupendekezwa kwa nia njema. La kwanza ni la maziwa ya mbuzi. Protini za mbuzi na za ng'ombe zinafanana mno, hivyo karibu kila mtoto mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe atadhurika na ya mbuzi pia. La pili ni la soya: halizuii mzio, na kwa mtoto wa chini ya miezi sita halipendekezwi kwa kazi hiyo. La tatu ni lile lisilo na laktosi. Laktosi ni sukari ya maziwa. Mtu mzima anayeharisha akinywa maziwa mara nyingi shida yake ni sukari hiyo, na shida hiyo kwa mtoto mchanga ni nadra. Mtoto mwenye mzio anagombana na protini, na protini kwenye kopo hilo imo yote.

Fanyeni hesabu hii kabla ya kuchagua. Mtoto mchanga hunywa kama mililita 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Wa kilo nne atakunywa mililita 600, ambazo zinataka unga wa gramu 78 hivi. Kopo la gramu 400 limekwisha siku ya tano. Zidisha kwa mwezi: makopo sita. Sasa weka bei ya kopo la HA la mtaani kwako kwenye hesabu hiyo, ulinganishe na mshahara. Hapa ndipo madhara halisi ya kopo la bei kubwa yanapoanzia, kwa sababu hela ikipungua, unga nao hupunguzwa. Kijiko kimoja kinaachwa, maji yanazidishwa, chupa inaonekana nyeupe vilevile. Mtoto anayenyweshwa maziwa yaliyozimuliwa hukonda, na maji yakizidi mno chumvi ya mwilini hushuka hadi akapata degedege. Kopo la kawaida lililokorogwa kwa kipimo sahihi linamfaa mtoto kuliko HA iliyozimuliwa, kila siku ya wiki.

Kukoroga kwenyewe kuna kanuni ambayo haiandikwi vizuri kwenye makopo mengi. Unga wa maziwa si kitu kisicho na vijidudu, hata ukiwa umefungwa vizuri kutoka kiwandani. Bakteria aitwaye Kronobakta anaweza kuwemo, na kwa mtoto mchanga ni hatari sana. Shirika la Afya Duniani linaelekeza maji yawe na joto lisilopungua nyuzi 70 unapoyachanganya na unga. Kwa vitendo: chemsha maji yatokote, usiyaache zaidi ya nusu saa, pima maji kwanza kisha unga kwa kijiko cha kopo hilo hilo kilichosawazishwa juu kwa kisu. Poza kwa kuweka kikombe ndani ya bakuli la maji baridi. Yakiwa yamekorogwa yatumike ndani ya saa mbili, na yaliyobaki yamwagwe. Maji ya chupa ya termosi yaliyokaa tangu asubuhi hayafai. Kikombe ni bora kuliko chupa ya chuchu, kwani kikombe kinasuguliwa kikatakata na chuchu huficha uchafu.

Kuna wakati mmoja ambapo uamuzi juu ya maziwa ya kopo huenda kweli ukagusa mzio, nao ni siku za mwanzo kabisa. Mama amejifungua, labda kwa upasuaji, na siku ya pili ndugu wanasema maziwa hayajatoka, mtoto analia njaa, kanunueni kopo. Utafiti wa Japani wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba watoto wa familia zenye mzio ambao hawakupewa maziwa ya kopo katika siku tatu za kwanza walipata mzio wa chakula kidogo kuliko waliopewa. Madaktari wa mzio wa Ulaya nao, katika mwongozo wao wa 2020, walishauri kutompa mtoto maziwa ya kopo ya kawaida kama nyongeza katika wiki ya kwanza. Kwa hiyo dang'a, yale maziwa ya mwanzo ya njano, msiyakamue mkayamwaga. Matone machache yanatosha tumbo la mtoto wa siku moja. Ombeni mkunga akae na mama, arekebishe jinsi mtoto anavyoshika ziwa. Ikiwa daktari ameona sukari ya mtoto imeshuka au anapoteza uzito kupita kiasi, na akaagiza apewe kopo, mpeni. Njaa na upungufu wa maji ni hatari kubwa kuliko mzio unaohofiwa.

Na kunyonyesha kwenyewe, kunazuia mzio wa chakula? Ushahidi wa hilo ni hafifu, na nisingependa mama aliyenyonyesha kwa miezi sita kamili, kisha mwanawe akapata mzio wa yai, ajione amekosea mahali. Kunyonyesha kunamkinga mtoto na kuhara na nimonia, maradhi yanayoua, na hiyo ni sababu tosha. Wala mama mjamzito au anayenyonyesha hahitaji kuacha mayai, samaki wala karanga kwa ajili ya kumkinga mtoto. Kujinyima huko hakujaonyesha faida, na mwilini mwake kunaacha upungufu.

Kinga yenye ushahidi mzito imo kwenye sufuria ya uji.

Mwaka 2000 madaktari wa watoto wa Marekani waliwashauri wazazi wa familia zenye mzio wachelewe: yai hadi miaka miwili, karanga hadi mitatu. Ushauri huo ulisambaa duniani, na bado unasikika kwenye kliniki zetu. Waliuondoa mwaka 2008. Katika mwaka huo huo Gideon Lack wa King's College, London, na wenzake walichapisha ulinganifu wa watoto wa Kiyahudi wa Uingereza na wa Israeli. Wale wa Uingereza, waliokuwa wakinyimwa karanga, walikuwa na mzio wa karanga mara kumi zaidi ya wenzao wa Israeli, ambao hula kitafunio cha karanga kiitwacho Bamba tangu hawajaota meno yote. Lack akaufuatilia kwa utafiti wa LEAP, uliotoka 2015: watoto 640 wenye pumu ya ngozi kali au mzio wa yai, wa umri wa miezi 4 hadi 11, nusu wakalishwa karanga na nusu wakanyimwa hadi miaka mitano. Waliofika umri huo wakiwa na mzio wa karanga ni asilimia 17 ya walionyimwa, na asilimia 3 tu ya waliolishwa. Hakuna maziwa ya kopo yaliyowahi kukaribia tofauti kama hiyo. Kwa yai, watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2017 kwamba watoto wenye pumu ya ngozi waliopewa unga wa yai lililopikwa kuanzia miezi sita, kidogo kidogo, walipata mzio wa yai kwa asilimia 8, dhidi ya asilimia 38 kwa wenzao.

Fikirini tulivyo na bahati. Uji wa ulezi au mahindi uliotiwa karanga zilizosagwa umelea watoto Singida, Mwanza na Kisumu vizazi na vizazi. Mtoto akitimiza miezi sita na kuanza chakula cha nyongeza, karanga na yai viingie katika wiki za mwanzo. Karanga ziwe zimekaangwa na kusagwa laini kabisa, zichanganywe kwenye uji. Punje nzima ni marufuku hadi afikishe miaka mitano, maana hukaba. Anza na ncha ya kijiko asubuhi, siku ambayo mtoto ni mzima, umwangalie kwa saa mbili. Akiwa salama, panda polepole hadi vijiko viwili vya chai, mara tatu kwa wiki, na uendelee. Kuonja mara moja na kuacha hakusaidii. Yai liive hadi kiini kigumu kisha lipondwe. Nusu yai mara mbili kwa wiki inatosha. Yako maeneo ambako mtoto ananyimwa yai ati atachelewa kusema. Mpeni yai. Mtoto mwenye pumu ya ngozi kali, au aliyewahi kuvimba kwa chakula, amwone daktari kwanza kabla ya karanga.

Chagueni karanga kwa macho. Zilizokunjamana, zenye ukungu au zilizobadilika rangi zinaweza kuwa na sumukuvu, na Tanzania inakumbuka vifo vilivyotokana na sumu hiyo Dodoma na Manyara mwaka 2016. Zichambueni nyumbani kabla ya kusaga. Unga uliosagwa na mtu mwingine huwezi kujua ulitokana na karanga gani.

Neno moja kuhusu ngozi. Mwaka 2003 Lack na wenzake waligundua kwamba watoto waliopakwa mafuta yenye karanga juu ya ngozi yenye upele walipata mzio wa karanga zaidi. Mwili unaopokea chakula kwa kinywa hujifunza kukikubali, na unaokutana nacho kwa kupitia ngozi iliyochubuka hujifunza kukikataa. Basi pumu ya ngozi itibiwe mapema, kwa mafuta mazito yasiyo na manukato na dawa ya daktari, na mafuta ya karanga yabaki jikoni. Ngozi iliyo nzima haihitaji kupakwa kila siku kwa nia ya kuzuia. Tafiti kubwa za Uingereza, Norwe na Uswidi za mwaka 2020 hazikuona faida.

Baada ya yote haya, wapo watoto watakaopata mzio wa maziwa, na wazazi wao hawakufanya kosa lolote. Mzio wa haraka hauna utata: ndani ya dakika chache hadi saa mbili baada ya maziwa, midomo au macho yanavimba, vipele vinavyowasha vinatanda, anatapika mfululizo, anapumua kwa mluzi au analegea. Huyo anapelekwa hospitali saa hiyo hiyo. Ule wa polepole una utata: damu kwenye choo, kuharisha kusikokoma, kutapika, uzito kutopanda. Hapo daktari huagiza maziwa yaondolewe kwa wiki mbili hadi nne, kisha yarudishwe kwa makusudi. Hatua ya kurudisha wengi huiruka, na bila hiyo hamjui kama ni mzio. Kulia jioni na kucheua peke yake si ushahidi; kilio cha watoto wachanga hufikia kilele karibu na wiki ya sita, ndicho wengi wetu tunakiita chango, kisha hupungua chenyewe. Nchini Uingereza kwenyewe, maagizo ya maziwa maalumu ya mzio yalipanda kutoka kama 105,000 mwaka 2006 hadi zaidi ya 600,000 mwaka 2016, bila dalili kwamba mzio wenyewe umeongezeka hivyo.

Mtoto anayenyonya asiachishwe ziwa. Mama ndiye anayeacha chai ya maziwa, mtindi, siagi, na biskuti au mkate wenye maziwa, na anakula dagaa na mboga za majani ili apate kalsiamu. Mtoto wa kopo anahitaji maziwa ambayo protini yake imekatwa hadi vipande vidogo kabisa, na wachache wenye hali mbaya huhitaji ya amino asidi tupu. Haya huagizwa na daktari, ni ghali sana na si kila famasi inayo. Angalieni sana: HA siyo haya. Mtoto mwenye mzio akipewa HA anaweza kudhurika, na nimeona ni jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui.

Mzio wa maziwa kwa watoto wengi huisha wenyewe kabla ya kuanza shule. Kwa hiyo mkitoka kwa daktari na jina la kopo hilo ghali, msitoke bila tarehe ya kujaribu tena maziwa, kati ya miezi sita na kumi na miwili ijayo. Mwombeni aiandike kwenye kadi ya kliniki, na pembeni yake aandike kama jaribio litafanyika nyumbani au mbele yake hospitalini.